Manamba wa Kuzaliwa

Bao ni mchezo wa kale, na haki yake ni ya kale vile vile. Wawili waketipo chini ya mwembe katika Ujiji, ubao ulio baina yao una mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja hupata kete 32: 10 hupangwa ubaoni na 22 huwekwa akiba. Ubao haumwulizi mchezaji baba yake alivuka ziwa kutoka upande gani, wala mama yake alishuka kutoka mlima upi. Mjuzi akishinda, ushindi ni wa ujuzi wake. Na aliyeshindwa hana wa kumlaumu ila uvivu wake wa kujifunza. Kwa sababu hii aliyeshindwa leo hurudi kesho. Amepimwa, hakuhukumiwa.

Siku hizi vijana wa Ujiji, Mwanga na Kibirizi wana michezo mingine, ile ya video, ichezwayo katika simu, katika kompyuta na katika vibanda vya kulipia. Mingi haina lawama kubwa. Walakini imo aina moja yenye kanuni inayostahili kushitakiwa mbele ya wasomi. Katika aina hiyo watu wengi sana, waliotawanyika katika nchi mbalimbali, hukutana kwa njia ya intaneti ndani ya ulimwengu mmoja wa kubuni. Kila mmoja huchagua mhusika wa kumwakilisha; na kabla mhusika huyo hajapiga hatua moja, huulizwa: wewe ni wa asili gani? Jibu hufuatwa na namba. Asili hii ina nguvu zaidi, ile ina akili zaidi. Hii yafaa kushika shoka, ile yafaa kushika kitabu. Mhusika hajafanya kazi, hajajifunza, hajakosea wala kupatia, na tayari cheti chake kimekwisha kuandikwa.

Swali, basi, ni hili: je, ni haki asili ya mhusika imwongezee au impunguzie uwezo? Wako wanaolidharau swali hili na kuliita la watoto. Yamkini katika nchi nyingine laweza kudharauliwa. Mwambao wa Ziwa Tanganyika hauna nafasi hiyo, kwa kuwa kanuni hiyo hiyo ilikwisha kuchezwa huko juu ya watu wa damu na nyama, na hesabu yake haijamalizika kulipwa. Jibu la haki ni fupi: hapana. Lililo refu ni sababu zake.

Yafaa kwanza ijulikane kanuni yenyewe ilikotoka. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha katika Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa kwa karatasi, kalamu na dadu. Michezo mingi ya video ya safari na mapigano ni warithi wake. Katika kanuni zake za kwanza binadamu aliweza kupanda madaraja bila kikomo. Mbilikimo aliruhusiwa kuwa askari tu, na hata katika uaskari wenyewe hakuruhusiwa kupita daraja la 6. Miaka 30 baadaye, mwezi wa Novemba 2004, kampuni ya Blizzard ilitoa World of Warcraft, mchezo uliokusanya mamilioni ya wachezaji. Humo jamii moja ya vijitu vifupi iliongezewa akili kwa asilimia 5. Jamii ya watu wenye vichwa vya ng'ombe iliongezewa uzima kwa asilimia 5. Na binadamu, pamoja na mengine, walipewa kipaji cha kujipatia sifa njema upesi zaidi kwa asilimia 10. Hata heshima ya watu ilizaliwa nao.

Katika The Elder Scrolls Online, uliotoka mwaka 2014, jamii iitwayo Redguard, ambao ni watu weusi, imepewa vipaji vya pumzi, ustahimilivu na silaha. Breton, ambao ni weupe, wamepewa vipaji vya uganga. Katika Oblivion, mchezo wa mwaka 2006 wa ukoo huo huo lakini wa mchezaji mmoja, akili ya Redguard ilianzia 30 na akili ya Breton ilianzia 50. Haki yataka isemwe pia kwamba Nord, jamii ya weupe wa kaskazini, nao walianzia 30. Kwa hiyo haidaiwi hapa kwamba watungaji waliketi katika kikao wakakata shauri la kuwatukana watu weusi. Jambo lenyewe ni baya zaidi, kwa maana halikuhitaji kikao. Kanuni ikishakubali kwamba akili hugawiwa kwa asili, mkono wa mwandishi hufuata njia ambayo wengine walikwisha kuilima zamani, na mwandishi mwenyewe asitambue anakokwenda.

Watetezi wa kanuni hii wana hoja tatu, nazo hazistahili kupuuzwa.

Hoja ya kwanza husema kwamba viumbe hawa ni wa kubuni. Hakuna zimwi wala jitu katika soko la Mwanga. Basi nani ametukanwa? Hoja hii ina nguvu katika Kiingereza kuliko katika Kiswahili. Mtu mfupi mwenye ndevu wa ngano za Ulaya, akitiwa katika lugha hii, huitwa mbilikimo. Na mbilikimo katika Kiswahili si wa ngano tu. Ndilo jina ambalo watu wa misafara, na baada yao vitabu vya shule, waliwapa watu wafupi wa misituni, wakiwamo Watwa, ambao wapo Burundi, Rwanda na Kongo, wengine wao jirani na ziwa hili hili. Kijana wa Ujiji anayesoma kwamba mbilikimo asipite daraja la 6 hasomi ngano. Asoma habari za jirani yake. Tena watungaji wenyewe hawakuwaacha viumbe wao katika hewa. Katika World of Warcraft majitu fulani ya msituni husema kwa lafudhi ya Jamaika, na wale watu wenye vichwa vya ng'ombe wamejengewa mahema na vinyago vya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Kiumbe asiyekuwako hawezi kutukanwa. Lakini akivishwa nguo za mtu aliyeko, akatiwa na sauti yake kinywani, tusi limekwisha kupata mlango wa kubisha.

Hoja ya pili ni ya mizani. Watetezi husema kwamba aliyepunguziwa akili ameongezewa nguvu, na jumla za wote hutoka sawa. Basi dhuluma i wapi? Tanganyika iliwahi kupewa mizani ya namna hiyo. Mwaka 1955, chini ya Gavana Edward Twining, Baraza la Kutunga Sheria lilipangwa kwa usawa wa rangi katika viti visivyo vya maofisa wa serikali: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Jumla zilitoka sawa kabisa. Lakini Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia karibu laki moja, na Wazungu kama 20,000. Chama cha TANU kiliupinga usawa huo, na hapana msomi leo anayeulilia. Ubaya wake haukuwa katika hesabu ya kujumlisha. Ulikuwa katika kumtazama mtu, kuona rangi yake kwanza, na kumwandikia thamani kabla hajafumbua kinywa. Mzani waweza kuwa sawa na bidhaa iliyomo ikawa ya wizi. Yeye aliyeambiwa kwamba nguvu zake ni fidia ya upungufu wa akili yake hajafidiwa kitu; ametukanwa mara mbili.

Hoja ya tatu ni ya hiari. Husemwa kwamba mchezaji hakulazimishwa. Asiyependa asili ya wenye shoka na achague ya wenye kitabu. Hoja hii ingefaa kwa mtu achezaye peke yake. Palipo mmoja, kanuni ni ndoto yake, aweza kuigeuza na kuicheka. Palipo wengi, kanuni ni serikali. Katika michezo ya watu wengi, vita vikubwa hupiganwa kwa vikosi, na wakuu wa vikosi hutafuta namba kubwa kama mfanyabiashara atafutavyo faida. Mwaka 2008 World of Warcraft iliwapa binadamu kipaji cha kujinasua pale wanapofungwa na adui. Tangu hapo wengi waliopenda mapambano ya uwanjani walikimbilia kuwa binadamu, si kwa mapenzi bali kwa faida. Mwaka 2009 kampuni ilianza kuuza ruhusa ya kubadili asili ya mhusika kwa dola 25. Hapo hoja ya hiari ilijifunua ilivyo. Kama asili ni pambo tu, kwa nini watu wailipie ili washinde? Na kama ni uwezo, kwa nini iitwe hiari? Jambo linalouzwa kwa sababu linaumiza asiyekuwa nalo haliitwi uhuru katika lugha yoyote ya watu waadilifu.

Hizo ndizo hoja za mchezo, na majibu yake. Iko hoja ya historia, nayo ndiyo nzito kupita zote, na mlango wake umo Ujiji.

Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji katika safari ya kuyatafuta maziwa ya bara. Burton alirudi kwao, na mwaka 1860 akachapisha kitabu kikubwa ambamo kila kabila alilokutana nalo lilipewa tabia yake kwa jumla, kama bidhaa inavyopewa bei: hawa hivi, na wale vile. Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alikwenda mbali zaidi. Alidhani kwamba watawala wa falme za maziwa walikuwa wageni wenye asili ya upande wa Uhabeshi, walio bora kuliko wenyeji waliowatawala. Na ushahidi wake mkubwa ulikuwa sura za nyuso. Dhana ya msafiri mmoja ni jambo jepesi. Ikishikwa na serikali huwa zito kama jiwe la kusagia.

Ilishikwa. Wabelgiji, ambao majeshi yao yaliteka Kigoma na Ujiji mwaka 1916, walibaki wakitawala Rwanda na Burundi kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Katika Burundi, mwaka 1929, machifu 27 walikuwa Wahutu. Ilipofika mwaka 1945 hapakuwa na hata mmoja. Kosa lao halikuwa uvivu wala wizi. Ilisadikiwa tu kwamba asili moja ilizaliwa na kipaji cha kutawala na nyingine ilizaliwa na kipaji cha kulima. Katika Rwanda, katika miaka ya 1930, kila mtu mzima aliandikiwa asili yake katika kitambulisho: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Naye mwenye kitambulisho hicho hakupewa nafasi ya kulipa dola 25 akabadilishiwa.

Matunda ya mti huo yalivunwa na watoto na wajukuu. Mwezi wa Aprili 1972 uasi ulizuka Burundi, kusini, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ikajibu kwa kuwaua Wahutu kwa makumi ya maelfu juu ya makumi ya maelfu, na waliotafutwa kwanza walikuwa wenye elimu: walimu, makarani, wanafunzi. Msomi wa historia na alitazame jambo hilo kwa makini. Mhutu mwenye elimu alikuwa amepita daraja la 6. Alikuwa na akili ambayo kanuni haikumpa, na kwa hiyo alihesabiwa kuwa hatari. Waliookoka walivuka mpaka, kwa miguu na kwa mitumbwi, wakaingia Kigoma. Katika Rwanda, mwaka 1994, vitambulisho vile vile vilisomwa katika vizuizi vya barabarani, na neno moja lililoandikwa humo lilitosha kuwa hukumu ya kifo.

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba kijana anayechezea simu katika Mwanga amekaribia mauaji. Msemaji wa hivyo angekuwa amewadharau waliokufa na waliocheza pia. Linalosemwa ni dogo, lakini ni kweli: fikira ile ile, kwamba uwezo wa roho ya mtu husomwa katika asili yake, hupata mazoezi katika mchezo, na mazoezi hulainisha njia. Dalili zake zaonekana hata katika mpira wa miguu, mchezo ambao Kigoma yaupenda sana. Mwaka 2020 taasisi ya RunRepeat ilichunguza maneno ya watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi nne za Ulaya. Katika sifa za akili, zaidi ya asilimia 62 ziliwaendea wachezaji wenye ngozi nyeupe zaidi. Na mtangazaji aliposema juu ya nguvu za mwili, maneno yake yaliwaelekea wachezaji wenye ngozi nyeusi zaidi mara 6 na zaidi kuliko wengine. Watangazaji hao hawakuamriwa na mtu. Walikuwa wanasoma namba ambazo hakuna aliyeziandika, illa zilikuwa zimekwisha kuandikwa ndani yao.

Watu wa Kigoma wana neno lao kwa msiba wa namna hiyo, nalo ni manamba. Katika siku za Waingereza, nchi ya Waha, yaani Kasulu, Kibondo na viunga vyake, ilifanywa kuwa ghala la nguvu za mikono. Wakala wa mkonge uliojulikana kwa jina la SILABU, ulioanzishwa mwaka 1944, uliandikisha wanaume wa huko na kuwapeleka mbali, hata mashamba ya Tanga. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa manamba. Wengi walikwenda kwa sababu kodi ilidaiwa kwa fedha na nchini mwao fedha haikupatikana kwa urahisi. Kisha, baada ya umaskini kuwasukuma na reli kuwabeba, ikasemwa kwamba Mha ana asili ya kazi ngumu. Namba ilitangulia, tabia ikafuata, na mwishowe tabia ikaitwa damu. Hivyo ndivyo ilivyo hila ya kanuni hii popote ilipo: hutengeneza hali, kisha huiita hali hiyo maumbile. Mpaka leo baadhi ya watu hufanya mzaha juu ya Mha na mkonge. Mzaha huo ni namba iliyobaki baada ya daftari kuchomwa.

Dhidi ya uongo huo ushahidi bora ni mwambao wenyewe. Katika Ujiji jina la Mmanyema limekusanya watu wa makabila mengi ya magharibi ya ziwa. Wengi wao, au wazee wao, waliletwa katika karne ya 19 na misafara ya biashara ya pembe na watumwa, wengine kama wafuasi na wengine kama mali ya watu. Lau uwezo ungekuwa katika asili, watumwa hao wangezaa watumwa. Walizaa wavuvi, mafundi, wafanyabiashara, walimu wa Kurani na washairi wa Kiswahili. Asili iliyoonekana kuwa hatima ilikuwa vazi, na vazi lilivuliwa.

Kadhalika ziwani. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana nuru yake hushinda nuru ya taa na dagaa hawakusanyiki. Mtu wa milimani aliyeshuka Katonga bila kujua kushika kasia hujifunza hayo kama alivyojifunza mwana wa mvuvi: kwa baridi, kwa makosa na kwa kukemewa na wakubwa. Mgebuka hauulizi nyavu zimetupwa na nani. Hata chuma cha bandari ya Kigoma chatoa ushahidi. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikateremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, na ikafungwa mizinga. Mwaka 1916 ilizamishwa na Wajerumani wenyewe; ikaopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kuchukua abiria na mizigo, kazi iliyoifanya kwa miongo mingi. Ikiwa chuma kiliweza kuacha kazi kilichovishwa mwanzo na kushika nyingine iliyo bora, ni uzushi gani kumnyima ruhusa hiyo mhusika wa kubuni, sembuse mwanadamu?

Husikika hapa kilio cha mwisho cha watetezi: asili ikinyimwa namba, mchezo utakufa, wahusika wote watakuwa sawa kama matofali, na nani atapenda kucheza na matofali? Kilio hiki kimekwisha kujibiwa na watungaji wenyewe. Mwaka 2020 wenye Dungeons & Dragons walitoa kanuni inayomruhusu mchezaji kuziweka nyongeza za uwezo popote apendapo, haidhuru asili ya mhusika wake. Katika kitabu chao cha mwaka 2024 waliliacha neno la zamani la asili, wakatumia neno lenye maana ya aina ya kiumbe, na nyongeza za uwezo wakazifunganisha na malezi na kazi ya mhusika kabla ya safari yake. Baldur's Gate 3, mchezo wa video wa mwaka 2023 uwezao kuchezwa na watu wanne pamoja, nao uliziacha nyongeza hizo huru. Mchezo haukufa. Ulisifiwa duniani kote na kupata tuzo kubwa. Waliotabiri mazishi na wakunje jamvi lao.

Wala haidaiwi kwamba tofauti zote zifutwe. Kiumbe mwenye mapezi na apumue majini. Mwenye mabawa na aruke. Hayo ni maumbile ya mwili, na hakuna adili aliyewahi kulalamika kwamba samaki amependelewa. Lililokatazwa na haki ni kuzigawa kwa kuzaliwa zile sifa ambazo mtu huzipata kwa kuishi: akili, ushujaa, uaminifu, busara, heshima mbele za watu. Tofauti za wahusika na zitoke mahali zinapotoka tofauti za watu. Mvuvi na ajue maji kwa kuwa amevua. Mganga na ajue mizizi kwa kuwa alifunzwa. Nahodha na ajue upepo kwa kuwa aliwahi kuzama akaokoka. Mchezo wa namna hiyo una aina nyingi zaidi za wahusika, si chache, kwa maana kazi za watu ni nyingi kuliko rangi zao, na kila kazi ina habari ya kusimuliwa. Namba ya asili haina habari. Ni mahali ambapo mtungaji alichoka kufikiri.

Jambo hili lawahusu zaidi wanafunzi wa vyuo, kwa kuwa miongoni mwao wamo watakaotunga michezo ya Kiswahili. Na ichukuliwe kwamba mmoja wao, mzaliwa wa Kigoma, ameazimia kutunga mchezo wa Ziwa Tanganyika utakaochezwa na watu wengi pamoja. Atachora Kibirizi na mitumbwi yake, vilele vya Mahale, maji ya chumvi ya Uvinza na miembe ya Ujiji. Kisha atafika kwenye ukurasa wa asili za wahusika, na mbele yake yatakuwapo majina: Mha, Mmanyema, Mbembe, Mtongwe, Mrundi, Mtwa, Mwarabu, Mhindi, Mzungu. Mbele ya kila jina pana nafasi mbili tupu, moja ya nguvu na moja ya akili. Ataandika namba gani? Ataanza na nani? Atamwonyesha nani ukurasa huo, mama yake au mjomba wake aliyekimbia Burundi utotoni?

Kalamu yake itasita. Kusita huko ndiko hoja nzima ya makala hii. Hapana elimu ya maumbile wala ya historia itakayomsaidia kuzijaza nafasi hizo kwa haki, maana hazikuwekwa kwa ajili ya kujazwa kwa haki. Na mkono unaosita kumwandikia namba Mtwa wa kweli hauna sababu ya kuwa mwepesi kumwandikia mbilikimo wa kubuni, wakati jina lao kinywani mwa watu ni moja.

Mtungaji huyo na aufute ukurasa, azifute nafasi zile mbili, na badala yake aandike swali lililo bora: mhusika huyu amejifunza nini, na kwa nani? Kisha awagawie wachezaji wote kete sawa kama bao linavyogawa, akae kando, na kunyamaza. Mengine yataamuliwa na wanaocheza.